Tanbihi ya Arobaini na Moja

Nasahihisha tasnifu ya Hidaya Mfinanga.
Usiku wa Julai, Sekei. Baridi ya Meru
imepita chini ya mlango bila viza.
Kalamu nyekundu, chai ya tangawizi, kurasa mia na ishirini
juu ya Uislamu katika nadharia za uhusiano wa kimataifa.
Pembeni mwa ukurasa wa kwanza nimeandika: Pana mno. Punguza.

Miaka kumi na tisa nafundisha somo lile lile:
dola ni gololi, zinagongana,
juu yake hakuna mwamuzi,
na yote yalianzia Ulaya, kwa mapatano,
baada ya vita vya miaka thelathini.
Nachora duara ubaoni. Nao wanachora duara.
Dirishani bendera za Jumuiya zinapepea,
moja imejisokota kwenye mlingoti wake.

Muhula ule Hidaya alinyoosha mkono.
"Mwalimu Temu, ulipotufafanulia kwa Kiswahili,
maneno yale uliyatoa wapi?"
Maneno gani?
"Dola. Mkataba. Sulhu. Raia. Mamlaka.
Umesema saa nzima kwa ulimi wa mafakihi
halafu unasema hawakuwepo."
Darasa likacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Sura ya pili hakuitia sukari. Anakiri
kwamba waliigawa dunia nyumba mbili,
moja ya salama, moja ya vita,
na wapo hata leo wanaoishika ramani ile
kama fundi aliyerithi nyundo peke yake.
Kisha anaonyesha nyumba ya tatu, ya ahadi,
iliyojengwa na waliochoka kupigana
na waliotaka kuuza pilipili.
Nimeweka alama ya vema. Ndogo.

Sura ya tatu ndiyo iliyopoza chai yangu.
Amani, anaandika, haikuwa hali ya hewa.
Ilikuwa kitu cha kupeana, kama ufunguo.
Mgeni wa upande wa adui akipewa amani na mtu mmoja,
mwanamke, mfua vyuma, asiye na cheo,
umma mzima umefungwa na neno hilo,
na mtawala naye yumo ndani ya fundo.
Pembeni: Nani kampa uwezo huo? Chanzo?

Chanzo: tanbihi ya arobaini na moja.
Bi Zamda, bibi wa mtafiti. Mahojiano,
Ngarenaro, mlangoni, akichambua mchele.

Kijana alikuja mbio kutoka Kilombero sokoni,
Mrundi, hana karatasi, nyuma yake "mwizi!"
na mikono yenye mawe.
Bi Zamda hakumjua. Hakujua kama kaiba.
Akavua kanga ya juu, akamfunika mabegani,
akasema, bila kupaza sauti:
"Huyu nimempa amani. Kama ana kosa, kituo kipo."
Katika wenye mawe walikuwamo wa msikitini,
walikuwamo wa kanisani,
na mmoja aliyekuwa na hasira tu.
Wakasimama.
Mmoja akaliweka jiwe lake chini taratibu,
kama anarudisha yai kiotani.

Nikaandika: Hili si tukio la kimataifa.
Nikalitazama.
Mrundi. Mpaka. Vita alivyovikimbia.
Nikalikata, mstari mmoja, halafu wa pili.

Umeme ukakatika mtaa mzima.
Gizani nikakumbuka Jumapili, mikono tunayopeana
benchi kwa benchi, amani iwe nawe,
amani iwe nawe, haraka haraka, macho kwenye saa.
Miaka hamsini naitoa bure
na sijawahi kubeba mtu kwa neno hilo.

Nimewasha mshumaa. Alama sijaiandika bado.
Marejeo yake yana kasoro, hitimisho limekimbia,
na jopo litamuuliza mbinu ya utafiti.
Lakini chini ya tanbihi ile, kwa wino mwekundu
kwa kuwa sina mwingine,
nimemwandikia swali ninalotaka kweli kujibiwa:
Kanga ilirudi?